Barua kwa mwanangu: bei za mabati na watu wa mauzo wanaokubana

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na picha za zile proforma tatu (karatasi za bei kabla ya kununua) za kuezeka upya nyumba ya Kigamboni nimeziona. Umeuliza mambo mawili: utamtulizaje huyo kijana wa mabati anayepiga simu asubuhi na jioni akisema bei inaisha Ijumaa, bila kumvunjia heshima, na utamjuaje msema kweli kati ya hao watatu. Naanza na la pili, maana likiisha hilo, la kwanza linabaki dogo.

Proforma zako hazilinganishiki. Mmoja kaandika "geji 30, kwa mita" (geji ni namba ya unene wa bati). Wa pili "geji 28, kwa bati". Wa tatu kaweka jumla tu: "paa kamili". Ukiwa huna kipimo chako, atakayeshinda ni mwenye maneno mengi. Kwa hiyo kabla hujazungumza tena na yeyote, andika karatasi moja ya mahitaji yako, wote watatu wajaze hiyo hiyo.

Anza na vipimo. Nyumba yako ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, paa la pande mbili. Ongeza sentimita 60 za paa linalotokeza nje ya ukuta kila upande, unapata 13.2 kwa 11.2. Nusu ya 11.2 ni 5.6, na mwinuko ukiwa nyuzi 25, urefu wa bati kutoka kofia (bati la kufunika kilele cha paa) hadi ukingoni ni mita 6.2 hivi. Fundi athibitishe kwa utepe juu ya paa lenyewe, pande zote mbili, na apime pia kona hadi kona, kwa sababu nyumba nyingi hazina pembe mraba. Apime baada ya mbao zilizooza kubadilishwa na papi (mbao za kupigilia bati) kunyooshwa. Bati lililokatwa fupi kwa sentimita 10 halina dawa, na kiwanda hakirudishi bati lililokatwa kwa oda yako. Ndiyo maana wanaokubana hukimbilia kusema "lete advansi tuanze kukata": likishakatwa, limekuwa lako.

Sasa upana, na hapa ndipo watu wengi wanaliwa. Bei ya mita haikwambii kitu mpaka ujue bati linafunika kiasi gani baada ya kupandiana na jirani yake. Tuseme mmoja anauza mita kwa 22,000 na bati lake linafunika sentimita 70. Urefu wa paa ni mita 13.2, kwa hiyo kila upande unataka mabati 19, jumla 38, sawa na mita 235.6: shilingi 5,183,200. Mwingine anauza mita kwa 26,000, lake linafunika sentimita 90. Kila upande mabati 15, jumla 30, mita 186: shilingi 4,836,000. Yule wa "bei ghali" ana nafuu ya karibu laki tatu na nusu. Bei hizo nimezitunga kwa mfano, lakini hesabu ndiyo hiyo, ifanye kwa namba zao.

Halafu unene. Usikubali neno geji peke yake, maana geji 30 ya duka hili si lazima iwe geji 30 ya duka lile. Dai milimita, na dai unene wa chuma kitupu, bila rangi wala mipako. Muuzaji akikupa unene wa jumla, rangi nayo imehesabiwa humo. Uliza pia mpako: kama ni aluzinki (mchanganyiko wa alumini na zinki), kuna namba kama AZ70, AZ100 au AZ150, maana yake gramu za mpako kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Uko karibu na bahari, na chumvi ya upepo haina huruma, kwa hiyo mimi ningekata kwenye rangi na urembo wa migongo kabla ya kukata kwenye mpako. Geranti nayo isome. Nyingi hutenga nyumba za ufukweni, na geranti ya rangi kutopauka si geranti ya bati kutotoboka.

Namna ya kuhakiki unene bila maabara: mizani. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Bati lako la mita 6.2, kama karatasi yake kabla ya kukunjwa ilikuwa na upana wa mita 1, likiwa na chuma cha milimita 0.30 litakuwa na kilo 14.6 hivi. Likiwa 0.25, kilo 12.2. Mipako huongeza kidogo tu. Upana wa kabla ya kukunjwa unaupata kwa kufuatisha utepe wa fundi cherehani kwenye mikunjo yote. Mwambie muuzaji mapema kwamba mzigo utapimwa kwa mizani, uone nani anabadilisha namba zake. Hiyo sentensi moja huondoa wasumbufu wengi kuliko matusi.

Kwenye karatasi yako ongeza kofia (mita 13.2, zikiwa za mita 2 na zikipandiana sentimita 15, ni 8), skrubu zenye washa ya mpira (karibu 7 kwa mita ya mraba, na paa lako lina kama mita 164 za mraba, kwa hiyo weka 1,150), usafiri hadi site, na kama VAT imo ndani au nje. Watu wa mauzo hupenda kuacha kofia na usafiri nje, bei ionekane ndogo, kisha vinarudi siku ya kulipa.

Kuhusu "bei inaisha Ijumaa". Si uongo mtupu. Koili nyingi za chuma (mizingo ya kutengenezea mabati) zinatoka nje na dola ikiyumba bei zinayumba. Lakini bei ya kweli huandikwa muda wake kwenye proforma, siku 7, 14 au 30, ikiwa na tarehe na mhuri. Mwambie: "Kaka, andika hapo mwisho wa bei, nitaamua ndani ya muda huo." Akikataa kuandika, hiyo Ijumaa ni yake, si ya kiwanda.

Akikushushia bei ghafla baada ya "kuongea na bosi", usifurahi bado. Omba proforma mpya, uisome mstari kwa mstari na ile ya kwanza. Mara nyingi kilichoshuka ni unene, au kofia zimetoweka. Akiuliza bajeti yako ni shilingi ngapi, usimtajie, kwa kuwa bei itapanda hadi hapo. Akitaka kuongea na "baba mwenye nyumba", mjibu kwamba mwenye nyumba ndiye anayezungumza naye.

Simu zenyewe ni jambo jepesi. Mwandikie mara moja: "Habari kaka, proforma nimepata, asante. Uamuzi nitautoa Jumamosi ya tarehe fulani, nitakupigia mwenyewe. Kabla ya hapo naomba tuwasiliane kwa maandishi tu." Kisha usipokee. Hujamkosea adabu, umempa tarehe. Aliyekuja kupima bure, hulazimiki kununua kwake. Ni gharama ya biashara yake, na ameiweka kwenye bei za wote.

Yuko msukumaji mwingine ambaye hukumtaja: fundi wako. Maduka mengi humpa fundi cha juu kwa kila mteja anayempeleka, ndiyo maana anasisitiza duka moja. Simlaumu sana, lakini mlipe ufundi wake vizuri na kwa makubaliano ya peke yake, atoe idadi na vipimo, duka uchague wewe. Na umwambie akate kwa mkasi wa bati, si grainda, cheche zake huunguza mpako na kutu huanzia hapo.

Malipo yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni, kamwe si simu ya kijana wa mauzo. Advansi ibaki chini ya nusu, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) uidai kwa kila unacholipa. Mzigo ukifika, hesabu mabati, pima urefu wa manne au matano ya katikati ya rundo, yaweke kwenye mizani, ndipo usaini hati ya kupokelea. Yakiwa pungufu ya maandishi, yasishuke kwenye gari. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo uliyouziwa, na ni rahisi kudai haki hiyo mabati yakiwa bado juu ya lori lao.

Wasalimie watoto.

Mama yako