Muulize Fundi: Mazombi Wakija, Tupande Gari Gani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nyumbani kwetu kuna ubishi umefika pabaya. Dunia ikivamiwa na mazombi, familia ya watu wanne itoroke na chombo gani? Kaka yangu anataka kifaru cha jeshi. Dada anasema gari la umeme, eti halina kelele na jua ni la bure. Mimi nilisema pikipiki, wakanicheka. Tuamulie.
Msomaji aliyechekwa

JIBU: Marahaba. Usione haya kuuliza. Mwaka 2011 hata CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa mwongozo wa kujiandaa kwa mazombi. Ulikuwa utani wenye kazi: anayejiandaa kwa zombi, kimbunga na mafuriko havimkuti mikono mitupu.

Tuanze na kaka. Kifaru cha Abrams, cha jeshi la Marekani, hubeba karibu lita 1,900 za mafuta, na zote hizo humaliza safari kwenye kilomita 420 hivi. Ni lita nne na nusu kwa kila kilomita moja! Mtakuwa mnakimbia mazombi huku mkilazimika kuwafuata kwenye kila kituo cha mafuta.

Dada ana hoja kuhusu kelele, nampa haki yake. Lakini betri ya gari kama hilo ni kilowati-saa 60 hivi. Paneli moja ya wati 400, siku ya jua kali, itawapa kama mbili. Mtakaa mwezi mzima mahali pamoja mkisubiri ijae.

Wewe nawe, pikipiki ni nzuri kwa mtu mmoja. Mwongozo ule ule unataka galoni moja ya maji kwa mtu kwa siku, sawa na lita nne kasoro. Watu wanne kwa siku kumi ni kama kilo 150, na hujapakia hata blanketi. Utafunga wapi?

Sasa langu. Nimeshika spana miaka zaidi ya ishirini, na bado gari langu la otomatiki liliwahi kunizimikia usiku, barabara tupu, kwa sababu ya sensa moja, kifaa cha kuipa kompyuta ya gari taarifa, kisichozidi kidole gumba. Nilifungua boneti, nikamulika, nikafunga. Hakukuwa na cha kufanya. Nikakaa ndani kama abiria hadi gari la kuvuta likaja asubuhi. Kwenye dunia yenu gari la kuvuta haliji.

Kwa hiyo tafuteni dizeli ya zamani, gia za mkono, pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta. Mfano ni Land Cruiser Series 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, hasa zenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi). Betri ikichoka, watatu wanasukuma, mmoja anaweka gia ya pili, anaachia klachi, linashtuka. Tangi la lita 90 litawapeleka kama kilomita 700 msipokanyaga mafuta kwa pupa.

Lipo jambo ambalo watu hulisahau: mafuta nayo huchacha. Petroli ikikaa miezi kadhaa huanza kuharibika, na baadaye huacha utando wa kunata kwenye kabureta. Dizeli hustahimili zaidi, ila maji yakiingia tangini, vijidudu huota pale maji yanapokutana na mafuta na kutoa ute mweusi unaoziba filta. Bebeni filta tatu. Ukibadilisha moja lazima utoe upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta: unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapiga pampu ya mkono. Kwanza inatoka povu, inakohoa kama mzee, kisha dizeli inakuja bila mapovu. Hapo kaza. Kila mmoja ajue, hata yule mdogo. Mimi nimewahi kuona dereva akimaliza betri yote kwa kupiga starta, kumbe upepo ulikuwa umejaa kwenye mpira wa mafuta.

Na juu ya keria fungeni baiskeli mbili. Hazinywi mafuta, hazipigi kelele, na mkifika kwenye barabara iliyozibwa na magari yaliyotelekezwa, ndizo zitakazopita.

SWALI: Fundi, nami nina dizeli kama hiyo. Je, niweke nondo kwenye vioo vyote?
Dereva mwoga

JIBU: Vya pembeni na vya nyuma, weka wavu wa chuma. Cha mbele acha nafasi uone unakokwenda, na angalau mlango mmoja ufunguke haraka kutoka ndani. Nimeona magari yaliyochomelewa nondo mpaka mwenyewe anahitaji msaada kutoka. Halafu kabla ya nondo, kagua kwanza breki; uzito wote huo utausimamisha kwa kitu gani?