Mteremko wa bei ya petroli si kiwango cha mfumuko wa bei

SWALI: Nafundisha hisabati sekondari. Nimepanga wanafunzi wachore grafu ya bei ya petroli kwa miaka 20 ili waelewe mfumuko wa bei. Programu ya kompyuta inatuchorea mstari mnyoofu unaopita katikati ya nukta zote. Je, mteremko wa mstari huo ndio kiwango cha mfumuko kwa mwaka? Na tuanzie mwaka gani?

JIBU: Hapana, Mwalimu, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kihesabu, naimaliza haraka. Mteremko unakupa kiasi cha fedha kwa mwaka, ilhali mfumuko husemwa kwa asilimia. Bei ikitoka 100 ikafika 110, na miaka baadaye ikatoka 200 ikafika 210, mstari utainama vilevile mara zote mbili. Lakini mara ya kwanza bei imepanda kwa asilimia 10, mara ya pili asilimia 5 tu. Kwa hiyo chora asilimia ya mabadiliko, kila mwezi ukilinganishwa na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia.

Sababu ya pili ndiyo inayonimaliza subira, maana haipiti wiki bila kukutana nayo. Watu wanachukua bei ya mafuta, wanaichora, kisha wanaiita mfumuko wa bei. Wamo hata wanaojiita wachambuzi wa uchumi. Mfumuko ni kupanda kwa bei kwa ujumla wake, na kipimo chake ni fahirisi ya bei za walaji: kapu la mamia ya bidhaa na huduma, kila kimoja kikiwa na mizania, yaani uzito wake katika hesabu, inayotokana na kiasi cha fedha ambacho kaya hutumia kukinunua. Petroli ni kitu kimoja ndani ya kapu hilo. Kuitegemea peke yake ni kama kupima urefu wa darasa zima kwa kumpima mwanafunzi mmoja, tena yule ambaye leo kasimama juu ya dawati na kesho kachuchumaa.

Tazama namba zenyewe. Mafuta ghafi huuzwa duniani kwa dola, kwa hiyo tuyapime kwa dola. Mwaka 1980, baada ya mapinduzi ya Iran na vita vya Iran na Iraki kuanza, pipa moja lilikuwa na wastani wa karibu dola 37. Mwaka 1998, uchumi wa nchi nyingi za Asia ukiwa umeyumba, wastani ulikuwa karibu dola 13. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma mfumuko kwenye bei ya mafuta ataandika kwamba bei zilishuka na dola ikapata nguvu karibu mara tatu. Sasa chukua fahirisi ya bei za walaji ya Marekani, wenye dola yao: 82.4 mwaka 1980, 163.0 mwaka 1998. Bei kwa ujumla zilikaribia kuongezeka maradufu. Dola ilipoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kununua katika miaka ileile ambayo grafu ya mafuta inateremka, na mwanafunzi wako angepata alama zote kwa jibu lililo kinyume kabisa cha ukweli.

Sisemi mafuta hayana uhusiano na mfumuko. Yanao, na mkubwa: yakipanda, nauli na gharama za kusafirisha karibu kila kitu hupanda nayo. Baada ya vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973, pipa lilipanda takriban mara nne ndani ya miezi michache na nchi nyingi zikapata mfumuko mkali. Ila bei ya pampu husukumwa pia na kodi, gharama za usafishaji, thamani ya sarafu, ruzuku. Serikali ikipunguza ushuru wa mafuta leo, grafu yako itaanguka kesho, na bidhaa nyingine zote zinaweza kuwa zinaendelea kupanda.

Kuna jambo jingine hapo ambalo wanafunzi hulikosea, na wakubwa vilevile. Bei ikiruka mara moja kisha ikatulia palepale juu, baada ya miezi 12 mruko huo hutoka kwenye hesabu. Mfumuko unatangazwa kuwa umeshuka, na watu wanakasirika kwamba wanadanganywa kwa sababu bei hazijashuka. Hazijashuka kweli, kilichopungua ni kasi ya kupanda. Hilo lifundishe kwa kuweka grafu mbili karatasi moja, bei juu na asilimia chini, ili waone mstari wa chini ukirudi sifuri huku wa juu haujasogea.

Zoezi lako usilitupe, ligeuze. Petroli iwe kitu kinachopimwa, fahirisi iwe kipimo. Bei ya zamani zidisha kwa fahirisi ya mwaka unaotaka kulinganisha nao, kisha gawanya kwa fahirisi ya mwaka wa bei hiyo. Zile dola 37 za mwaka 1980, kwa fahirisi ya 292.7 ya mwaka 2022, zinakuwa 37 × 292.7 ÷ 82.4, yaani karibu dola 131. Wastani wa pipa mwaka 2022, mwaka wa vita vya Ukraine na kelele zote zile, ulikuwa karibu dola 100. Waulize wanafunzi ni lini mafuta yalikuwa ghali zaidi, na uwape muda wa kubishana.

Kuhusu mwaka wa kuanzia: usiuchague wewe. Wagawe makundi, kila kundi lianzie mahali pake kwenye takwimu zilezile za kila mwezi. Atakayeanzia Julai 2008, pipa lilipogusa dola 147, ataona mafuta yanashuka. Atakayeanzia Desemba mwaka huohuo, lilipokuwa chini ya dola 50, ataona yanapanda. Atakayeanzia Aprili 2020 ataona maajabu, maana tarehe 20 mwezi huo mkataba wa mafuta ya Marekani ya kupokelewa Mei ulifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri.

Hili la mwaka wa kuanzia ndilo matapeli wanalolijua vizuri kuliko walimu wengi. Grafu zinazosambazwa mitandaoni kuwatisha watu kuhusu akiba zao huanzia kwenye shimo, mhimili wa wima umekatwa usianze sifuri, fahirisi haipo, chanzo hakipo, na chini yake kuna namba ya kutuma pesa kwa ajili ya uwekezaji “usioguswa na mfumuko”. Mtoto aliyezoea kuamini mstari mmoja wa petroli darasani ataamini na huo. Anayetangaza faida ya asilimia 12 kwa mwaka bila kutaja mfumuko wa mwaka huohuo, mpe kikokotoo: mfumuko ukiwa asilimia 10, ni 1.12 ÷ 1.10, na faida halisi haifiki asilimia 2, kabla hajakata ada yake.