Fuata faili moja kabla ya kuomba kompyuta

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi: ofisi yenu ya ajira ya serikali ina foleni tangu alfajiri, maombi yanakaa wiki nzima, na bosi anataka kompyuta mpya. Kompyuta zisubiri.

Kesho asubuhi chukua faili moja la mtafuta kazi, ulifuate kwa miguu meza hadi meza. Andika saa lilipofika na saa mtu alipoligusa. Nilipofanya hivyo ofisini kwetu, kazi yenyewe ilikuwa dakika 40. Siku 9 lililala kwenye trei likingoja sahihi. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, aliweka kusubiri kati ya aina 7 za upotevu, na kwetu ndiyo iliyotumaliza.

Halafu tulikuwa tunadai nakala ya cheti dirisha la kwanza, tunaidai tena la tatu. Hakuna aliyejua kwa nini. Binti mmoja aliyetoka mbali alirudishwa kwa kukosa hiyo nakala ya pili. Inaniuma mpaka leo.

Hospitali nyingi za Tanzania zinatumia 5S, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Inasaidia, ila usiishie kupanga makabati. Kaa na wahudumu wa dirishani, wanajua panapokwama. Bosi awahakikishie kwanza kwamba hakuna atakayepunguzwa, la sivyo watakuficha kila kitu. Ondoeni hatua moja tu, mjaribu wiki 2, kisha fuata faili jingine.