Mama Mthai, Baba Mgeni: Uraia Pacha na Kura ya Jeshi la Thailand

Mtoto akizaliwa na mama Mthai au baba Mthai, ni Mthai, hata kama kazaliwa Oslo, Mombasa au Muscat na hajawahi kukanyaga Bangkok. Uraia huo hauombwi. Sheria ya Uraia ya Thailand ni ya mwaka 1965, na kwa miaka mingi iliwaacha nje watoto waliozaliwa ughaibuni kwa mama Mthai na baba mgeni. Marekebisho ya 1992 yaliwaingiza, tena yakarudi nyuma hadi kwa waliokwisha kuzaliwa. Ya 2008 yakamtambua hata baba Mthai asiyefunga ndoa ya kusajiliwa, ilimradi athibitishwe kuwa ndiye baba, na kwa kawaida hilo hufanyika kwa kipimo cha vinasaba.

Akiwa wa kiume, uraia huo unakuja na wajibu wa jeshi: kujiandikisha, kisha kufika kwenye uteuzi wa Aprili, ambako kura huamua nani anaingia jeshini iwapo waliojitolea hawatoshi. Sheria ya Utumishi wa Jeshi ya 1954 haijali kwamba kijana ana pasipoti nyingine, hajui Kithai, au alikwisha kutumikia jeshi la nchi ya babake. Kuwa na uraia pacha hakumo katika orodha ya sababu za kusamehewa. Wasichana hawahusiki kabisa, kwa hiyo mzazi wa binti anaweza kuruka hadi mwisho, kwenye habari za pasipoti.

Kwanza tuondoe uvumi mmoja unaowasumbua wazazi: kwamba kijana lazima achague uraia mmoja akifika miaka 20. Kifungu cha 14 kinasema mtoto wa baba mgeni aliyepata pia uraia wa babake, akitaka kubaki na huo wa baba, atangaze kuukana Uthai ndani ya mwaka mmoja baada ya kutimiza miaka 20. Neno la kushika hapo ni “akitaka”. Asiyetangaza hafutiwi chochote. Anaendelea kuwa na nyaraka zote mbili, na wengi wanaishi hivyo. Anayeamua kuukana ajue kwamba uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwamba wakati wa vita au mapigano ya silaha waziri anaweza kukataa, na kwamba hati za jeshi ni miongoni mwa vielelezo ambavyo mwanamume huulizwa. Yule anayetaka kuukana uraia ili alikwepe jeshi hujikuta anatumwa kwanza akalete karatasi za jeshi.

Tabien baan ndiyo mlango

Uraia upo tangu kuzaliwa, lakini jeshi humfikia kijana kupitia makaratasi, na karatasi inayoamua ni tabien baan, kile kitabu cha buluu cha nyumba ambamo wakazi Wathai wa kila nyumba huandikwa. Anayeandikwa humo ana namba yake ya tarakimu 13, anaweza kupata kitambulisho cha taifa kuanzia miaka 7, na jina lake linaonekana wilayani, amphoe. Huko kuna afisa wa jeshi anayeitwa sassadee ambaye kazi yake ni kufuatilia vijana waliofikia umri.

Aliyezaliwa nje akapata cheti cha kuzaliwa cha Kithai ubalozini, na hata pasipoti, bila jina lake kuingizwa kwenye kitabu cha nyumba yoyote, hayumo kwenye orodha ya sassadee. Baadhi ya wazazi husimamia hapo kwa makusudi. Mimi siwashauri wafanye hivyo kwa mazoea tu. Wajibu wa kisheria haujafutika, na siku kijana wa miaka 25 atakapotaka kurithi shamba la bibi yake kule Udon Thani, kufungua biashara au kufanya kazi bila kibali cha wageni, atahitaji kitambulisho. Kitambulisho kinadai tabien baan, na tabien baan inamfungulia sassadee mlango, wakati huo akiwa amechelewa miaka minane. Afadhali familia ikae na kuamua mapema, kijana akiwa na miaka 15 au 16, kama Thailand itakuwa sehemu ya maisha yake.

Wanaoamua kumwandikisha hufuata njia hii. Cheti cha kuzaliwa cha nchi alikozaliwa hutafsiriwa kwa Kithai na kuthibitishwa, kisha hupelekwa ubalozi wa Thailand pamoja na cheti cha ndoa na vitambulisho vya wazazi. Kwa walio Kenya ubalozi uko Nairobi. Ubalozi hutoa cheti cha kuzaliwa cha Kithai, halafu pasipoti ya Kithai. Kijana aingie Thailand kwa pasipoti hiyo hiyo, aende amphoe na mwenye nyumba ambaye kitabu chake kitaandikwa jina. Wanaoingia kwa pasipoti ya kigeni wakitarajia kumaliza kila kitu wilayani hukwama, kwa sababu karani anaona mgeni mwenye muhuri wa utalii.

Kikwazo kingine ni jina. Cheti cha Ulaya kinasema hivi, tafsiri ya Kithai inasema vile, na jina la ukoo la baba limeandikwa kwa herufi za Kithai kwa namna tatu. Rekebisheni kabla ya kuingia kwenye kitabu. Baada ya hapo kila hati ya jeshi itanakili kosa lile lile.

Miaka inahesabiwa kwa namna yake

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sheria ya jeshi haitazami siku ya kuzaliwa, inatazama mwaka, tena kwa kalenda ya Kibudha iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543. Na umri unaotajwa ni wa “kuingia”: kijana anayeingia miaka 18 ni yule anayetimiza 17 mwaka huo.

Chukua aliyezaliwa 2009, yaani 2552 ya Kithai. Mwaka 2026, wakati wowote kabla ya Desemba kwisha, anatakiwa kujiandikisha kwa sassadee na kupewa hati iitwayo Sor Dor 9. Mwaka 2029 anachukua wito, Sor Dor 35, unaomwambia siku na mahali pa kufika. Aprili 2030 anafika kwenye uteuzi wenyewe, na jioni yake anaondoka na Sor Dor 43, hati ya matokeo. Hizo karatasi tatu ndizo waajiri wa Thailand huziulizia, hasa ya mwisho.

Kujiandikisha na kuchukua wito kunaweza kufanywa na mtu mzima wa familia kwa niaba ya kijana aliye nje. Siku ya uteuzi haina mwakilishi.

Wilaya ya kwenda ni ile ya baba. Kwa mwenye baba mgeni huwa ya mama. Na tahadhari hii ni kubwa kuliko inavyoonekana: makazi ya kijeshi hubaki pale alipojiandikisha mara ya kwanza. Kuhamisha jina kwenye tabien baan kwenda Chiang Mai hakuhamishi makazi ya jeshi kutoka Khon Kaen. Kuna ombi la pekee kwa ajili hiyo. Asiyeliwasilisha atakaa mjini akingoja wito ambao uko mezani kwa sassadee wa kijijini kwa mamake.

Siku ya Aprili

Vijana huitwa asubuhi mapema kwenye ukumbi wa wilaya, shule au uwanja wa hekalu. Huhakikiwa kitambulisho, Sor Dor 9 na Sor Dor 35. Mwenye cheti cha elimu akibebe, kwa sababu elimu hupunguza muda. Kisha daktari huwagawa katika makundi manne. La kwanza ni wazima. La pili wana kasoro kidogo. La tatu ni wagonjwa wasioweza kupona ndani ya siku 30. La nne wana maradhi yasiyoendana na jeshi na huachiwa. Urefu na kifua hupimwa, na wanaotangulizwa ni wa kundi la kwanza wenye sentimita 160 au zaidi.

Baada ya vipimo huulizwa nani anajitolea. Kila wilaya ina idadi yake. Wakijitolea wa kutosha, hakuna kura, wote waliobaki hupewa hati na kwenda nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2018 kwa mwimbaji BamBam wa kundi la GOT7, aliyefika kama kijana mwingine yeyote na kukuta nafasi zimejaa. Wasipotosha, kila mmoja huingiza mkono na kuchomoa kadi: nyeusi ni salama, nyekundu ni jeshi. Wanaochaguliwa huingia kambini kwa awamu mbili, Mei au Novemba.

Hesabu ya muda ndiyo inayostahili kufikiriwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Aliyechomoa nyekundu bila cheti cha sekondari ya juu hutumikia miaka 2, na hata akijitolea ni miaka 2. Mwenye cheti hicho akijitolea hutumikia mwaka 1, lakini akingoja kura na kupata nyekundu ni 2. Mwenye shahada akijitolea ni miezi 6, akichomoa nyekundu ni mwaka 1. Kwa hiyo mwenye shahada anacheza kamari kati ya sifuri na mwaka, huku miezi sita ya uhakika ikiwa mezani. Katika wilaya ambazo kila mwaka wanajitolea wengi, kungoja kuna maana. Muulize sassadee miaka iliyopita ilikuwaje; hilo si siri. Cheti cha nje kisichotafsiriwa wala kulinganishwa na elimu ya Thailand hakitahesabiwa siku ile, na kijana mwenye shahada ya London atahesabiwa kama hana kitu.

Mgonjwa asifike na barua ya daktari wa familia. Pumu, uono hafifu sana, unene wa kupindukia na mengine yaliyotajwa kwenye kanuni yathibitishwe mapema na hospitali ya jeshi, kwa jopo lake la madaktari.

Na akitokea mtu anayeuza Sor Dor 43 bila kijana kufika, hiyo ni hati bandia. Hati halisi hutolewa na kamati ya uteuzi, siku ya uteuzi, mkononi mwa mhusika.

Njia za kuahirisha na kusamehewa

Kwa kijana anayekulia Thailand, njia nyofu ni Ror Dor, mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi wakati wa sekondari ya juu. Miaka mitatu ikikamilika, anaingia moja kwa moja kwenye akiba na hapigiwi kura kamwe. Ya miaka miwili inapunguza muda wa aliyepata nyekundu hadi mwaka 1. Usaili wake kwa wavulana ni kukimbia mita 800 kwa dakika 3 na sekunde 15, kuinuka kutoka chali mara 34 na pushapu 22, kila moja kwa dakika 2. Kabla ya kuchagua shule ya kimataifa, ulizeni kama inapeleka wanafunzi Ror Dor.

Anayesoma nje huomba kuahirishiwa kupitia ubalozi, hadi miaka 26. Anahitaji barua ya chuo iliyotafsiriwa, nakala za Sor Dor 9 na Sor Dor 35, pasipoti na tabien baan. Faili husafiri kutoka ubalozini hadi Bangkok kisha mkoani, na safari hiyo huchukua miezi. Ombi lianze mwaka wa kuchukua wito. La Machi halitafika kabla ya Aprili. Anayesoma ndani huombewa na chuo, lakini kwa mara ya kwanza bado anatakiwa kufika siku ya uteuzi.

Aliyechelewa kujiandikisha aende mwenyewe kabla hajatafutwa. Faini ni ndogo, mamia machache ya baht. Aliyekwisha kuchukua wito akatoroka uteuzi ndiye anayekabiliwa na kifungo cha hadi miaka 3. Kuanzia miaka 30 mtu hapigiwi tena kura, ingawa asiyejiandikisha bado anadaiwa kujiandikisha mpaka kabla ya miaka 46.

Kwa familia zetu za Afrika Mashariki

Mtoto wa Mkenya na Mthai hana mgongano: Katiba ya 2010 inakubali uraia pacha, na sheria ya 2011 inamtaka autangaze ule wa pili. Ila akitaka kuingia KDF, jeshi la Kenya, au kuwa afisa wa dola, kifungu cha 78 kinamkatalia uraia pacha, isipokuwa kama nchi ya pili ilimpa uraia bila nafasi ya kujitoa. Thailand ina kifungu cha 14, yaani nafasi ya kujitoa ipo, basi asiutegemee msamaha huo.

Tanzania ni ngumu zaidi. Uraia pacha wa mtu mzima haupo, na sheria ya 1995 inamtaka kijana achague akifika 18. Thailand nayo inampa nafasi ya kuukana baada ya kutimiza 20. Kati ya 18 na 20 kuna pengo ambalo halina jibu jepesi, na linaangukia kwenye miaka ile ile baina ya Sor Dor 9 na wito. Familia hii imwone wakili wa uhamiaji kijana akiwa na 16, akiwa na nakala ya kifungu cha 14 iliyotafsiriwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, kwa Katiba ya 2006, haichanganyi uraia wake na mwingine.

Kuhusu pasipoti, utaratibu ni mmoja kwa mvulana na msichana: kuingia na kutoka Thailand kwa ya Kithai, kuingia na kutoka nchi nyingine kwa ya nchi hiyo, na kwenye kaunta ya ndege kuonyesha zote mbili. Aliyeingia kwa pasipoti ya kigeni anahesabiwa mgeni. Akipitisha siku anatozwa baht 500 kwa kila siku, mpaka 20,000. Na akiwa ndani ya Thailand, ubalozi wa nchi yake ya pili hauwezi kumtetea dhidi ya jeshi la nchi ambayo yeye ni raia wake.