Pinakbet: weka mwiko pembeni

Dada uliyeuliza kwa nini pinakbet yako, kile chakula cha mboga cha Ufilipino, imegeuka rojo: tatizo ni kukoroga. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiilokano (lugha ya kaskazini mwa Ufilipino), pinakebbet, yaani iliyosinyaa. Mboga zinatakiwa zinywee zikiwa nzima, zisipondeke.

Kaanga nyama ya nguruwe mpaka itoe mafuta yake, na humo humo kaanga kitunguu, saumu, tangawizi na nyanya. Tia bagoong, ule uduvi uliochachushwa kwa chumvi, na maji kikombe kimoja tu. Chumvi nyingine usiguse kabla hujaonja! Boga litangulie chini, kisha bilinganya na karela, bamia juu kabisa. Bamia ziache nzima, kata vikonyo tu, la sivyo mlenda utatawala chungu kizima. Funika, moto mdogo. Ukitaka kugeuza, shika sufuria kwa vitambaa uitikise.

Kamba watie dakika 3 za mwisho. Wakishajikunja na kuwa wekundu, epua.

Kule Ilocos, nyumbani kwa Wailokano, wengi hutumia bagoong ya samaki na hawatii boga. Mimi boga siliachi, utamu wake unaituliza karela.