Nani Kiongozi wa Wahindu Wote?

SWALI: Mhariri, Wakatoliki wana Papa. Kwa upande wa Wahindu nimesikia akitajwa Shankaracharya, kisha nikaambiwa kwamba wako zaidi ya mmoja. Je, yupo mkuu wa Wahindu wote? Na kama hayupo, ni kitu gani kinachowaunganisha, ilhali huyu humwabudu Vishnu, yule Shiva, na wengine Mungu wa kike?

JIBU: Ndugu msomaji, mkuu wa namna hiyo hayupo, wala hajapata kuwapo. Katika Uhindu, mamlaka ya kiroho hupita kutoka kwa guru kwenda kwa mwanafunzi wake, na kila mapokeo hulinda mnyororo wake. Wafuasi wa Ramanuja wana walimu wao, na wale wa Madhva, mwanatheolojia mwingine wa wanaomwabudu Vishnu, wana nyumba zao za watawa huko Udupi, kusini mwa India. Cheo cha Shankaracharya hushikwa na wakuu wa nyumba za watawa ambazo mapokeo husema zilianzishwa na mwanafalsafa Shankara katika pande nne za India, yaani Sringeri, Dwarka, Puri na Jyotirmath. Heshima yao ni kubwa, lakini Mvaishnava, yaani anayemwabudu Vishnu, hafungwi na amri zao. Hata urithi wa kiti chenyewe huweza kugombewa: Brahmananda Saraswati wa Jyotirmath alipofariki mwaka 1953, ulizuka mzozo wa nani amrithi, ukafika mahakamani na kudumu kwa miaka mingi.

Kuhusu kinachowaunganisha, wengi hujibu kwa kunukuu ubeti wa Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale, usemao kwamba ukweli ni mmoja ila wenye hekima huutaja kwa majina mengi. Jibu hilo ni zuri, ingawa kwa maoni yangu ni jepesi mno, kwa kuwa watawa walioukariri ubeti huo waliwahi kuuana. Katika Kumbh Mela, sikukuu kubwa ya kuoga katika mito mitakatifu, iliyofanyika Haridwar mwaka 1760, watawa wa Kishaiva (wanaomwabudu Shiva) na wa Kivaishnava walipigana, na kugombea nani atangulie kuoga mtoni kulikuwa chanzo cha kudumu cha ugomvi wao.

Umoja wao nauona zaidi katika namna walivyoutatua ugomvi huo. Leo vyama 13 vya watawa, viitwavyo akhara, vinakutana katika baraza moja lililoundwa mwaka 1954, na saba kati yake ni vya Kishaiva. Baraza halimwambii mtu amwabudu nani. Hushughulikia zamu za kuoga, njia za maandamano na mazungumzo na serikali. Utaratibu wenyewe hubadilika kulingana na mahali sikukuu inapofanyika: huko Prayagraj akhara ya Mahanirvani ndiyo hutangulia, na huko Haridwar hutangulia ile ya Niranjani. Huko Nashik, mahali pengine pa sikukuu hiyo, hata zamu haikutosha. Baada ya mapigano ya karne ya 18 pande hizo zilitenganishwa, na hadi leo Washaiva huoga Trimbakeshwar, karibu na chimbuko la mto Godavari, nao Wavaishnava huoga Nashik mjini, katika mto uleule.