Usiwashe cheche laki mbili

Kama umeandika programu kwa lugha ya Haskell na unangoja kompaila iigawe yenyewe kwenye viini (cores) vyote vya kompyuta, utangoja sana. GHC, kompaila ya Haskell, ukiipa -O2 (amri ya kuboresha kasi) itakufanyia mengi: map mbili zinazofuatana, yaani kuipitia orodha mara mbili, itazigeuza mzunguko mmoja, orodha za katikati itazifuta, na ikigundua thamani itahitajika kwa vyovyote, itaikokotoa mapema. Lakini kugawa kazi, hapana. Hiyo ni juu yako.

Mimi nilijifunzia hapa Kisumu, nikipiga hesabu za malipo ya mizigo laki mbili ya miwa ya upande wa Muhoroni. Nikaweka parMap, inayoufanya kila mzigo kipande cha kazi cha peke yake, nikakompaili kwa -threaded ili viini vingi viweze kutumika, nikawasha viini vinne. Feni ya laptopu ikavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Muda? Mrefu kuliko wa kiini kimoja!

Nikaendesha tena kwa +RTS -s, inayotoa takwimu za uendeshaji. Mstari wa SPARKS, yaani cheche (vipande vya kazi vinavyongoja kiini chochote kivichukue), ulinisuta: laki mbili zimewashwa, nyingi zimehesabiwa chini ya neno overflowed. Zimemwagika. Ghala la cheche la kila kiini hubeba 4,096 tu; zinazozidi hutupwa, na uzi mkuu (thread inayoendesha programu yenyewe) hujifanyia kazi hiyo wenyewe. Ni kama kuwaita akina mama wanne pale soko la Kibuye wakumenyee njugu, halafu unawakabidhi moja moja. Si uwape gorogoro, kopo zima, kila mmoja?

Basi nikatumia parListChunk, inayogawa orodha kwa mafungu, ya elfu moja moja. Cheche 200, zote zikashika. Na bado muda haukusogea. (Hapo nilifunga laptopu nikaenda kula.) Kumbe uvivu wa Haskell, isiyokokotoa thamani mpaka ihitajike: niliweka rseq, ambayo hupasua gamba la nje la rekodi tu. Hesabu ya shilingi ilibaki ahadi, ikaja kulipwa na uzi mkuu wakati wa kujumlisha. Nilipoweka rdeepseq, inayokokotoa hadi ndani kabisa, muda ukashuka. Kidogo.

Mara nne usiitarajie. Hata robo tu ya kazi ikiwa haigawanyiki, viini vinne havikufikishi mara mbili na nusu. Yangu ilizidi robo. Muda mwingi uliishia kwenye kusoma faili kwa String, ambayo ni orodha ya herufi moja moja. Nikahamia ByteString, inayoshika baiti zikiwa zimepangwa pamoja, nikaondoa mambo yote ya usambamba ili nipime upya. Kiini kimoja kikawashinda wale wanne wa jana, na feni haikuwaka.